Deni la Handaki: Nani Anawajibika kwa Gofu la Dufile?

Swali ninalotaka kulijadili katika insha hii ni hili: je, watu wana wajibu wa kuhifadhi jengo lililojengwa ili kuwatawala kwa nguvu? Na ikiwa wajibu huo upo, ni wa nani? Ni wa wazao wa waliojenga, wa wazao wa waliojengeshwa, au wa dola iliyorithi ardhi yenyewe? Swali hili sikulipata kitabuni. Lilinijia chumbani kwetu hosteli, kwa namna ambayo hadi leo naionea haya.

Mimi ni mzaliwa wa Koboko. Baba yangu ni Mkakwa. Bibi yangu mzaa mama ni Mnubi, na ndiye aliyenilea kwa miaka sita wakati wazazi wangu wakihangaika na biashara mpakani. Jioni moja rafiki yangu ninayekaa naye chumba kimoja, kijana Mmadi kutoka Moyo, alirudi kutoka maktaba akiwa amesoma habari za ngome ya Dufile, ambayo iko kwao. Akaniambia, nusu utani na nusu kweli, "Nyinyi watu wa Koboko! Wanubi wenu ndio waliowakamata babu zetu kuwabebesha mizigo." Nikamjibu haraka, "Mimi ni Mkakwa bwana, usinihesabu huko." Akacheka, na mazungumzo yakaishia hapo.

Sikuwa nimesema uongo, maana kwetu ukoo hufuata baba. Lakini usiku ule sikupata usingizi. Kwa sentensi moja fupi nilikuwa nimemkana mwanamke aliyenifundisha kusema. Likizo ilipofika, nikapanda gari kutoka Koboko kupitia Yumbe hadi Moyo, kisha bodaboda hadi Dufile, nikaione hiyo ngome iliyonifanya nimkimbie bibi yangu.

Niseme kweli: mwanzoni sikuiona. Nilikuwa nimebeba kichwani picha za Fort Jesus ya Mombasa, ngome ya Wareno ya mwaka 1593, yenye kuta nene za matumbawe zinazotazama bahari. Nilitafuta ukuta. Mzee mmoja aliyekuwa akichunga mbuzi akaniuliza natafuta nini. Nilipomweleza, akanyoosha fimbo yake chini, akasema, "Umesimama juu yake."

Nilikuwa nimesimama juu ya tuta refu lililoota nyasi. Mbele yake palikuwa na handaki, mtaro mpana ambao mvua za zaidi ya karne moja zimeujaza udongo kiasi, lakini bado mtu akiingia ndani yake unaona amepungua kimo. Tuta na handaki vinazunguka uwanja kwa pande tatu. Upande wa nne ni mto Nile wenyewe, na mafunjo yake. Hiyo ndiyo ngome.

Historia yake kwa ufupi ni hii. Mwaka 1874 Charles George Gordon, Mwingereza aliyekuwa akimtumikia Khedive wa Misri kama gavana wa jimbo la Ekwatoria, alipachagua mahali hapa kuwa kituo. Sababu ilikuwa mto. Ukishuka Nile kutoka Ziwa Albert, maji ni tulivu na meli hupita bila taabu hadi karibu na Nimule. Baada ya hapo kuna maporomoko ya Fola, na hakuna chombo kinachopita. Kwa hiyo meli za mvuke za serikali, Khedive na Nyanza, zilifunguliwa vipande vipande, vipande vikasafirishwa nchi kavu kupita maporomoko, vikaunganishwa tena Dufile. Mwaka 1876 Mwitaliano Romolo Gessi aliondoka hapa kwa mashua akalizunguka Ziwa Albert. Mwaka 1878 ugavana ulikabidhiwa Emin, tabibu Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1840 kwa jina la Eduard Schnitzer, na mwaka uliofuata ngome ikajengwa.

Kisha mambo yakageuka. Wafuasi wa Mahdi waliiteka Khartoum Januari 1885 na kumwua Gordon, na Ekwatoria ikakatika na Misri. Mwezi Agosti 1888 askari wa Emin walimwasi gavana wao, wakamfunga humo humo Dufile pamoja na Jephson, mjumbe wa Stanley. Mwezi Novemba jeshi la Mahdi likaishambulia ngome, na askari wale wale waasi wakalipiga na kulirudisha nyuma. Baadaye wakaiacha ngome. Emin aliondoka na Stanley mwaka 1889 hadi Bagamoyo. Askari wengi walibaki nyuma na familia zao, na mwaka 1891 Kapteni Lugard akawakuta kwa Kavalli, karibu na Ziwa Albert, akawaingiza katika utumishi wa Waingereza. Wazao wao ndio wengi wa wale tunaowaita leo Wanubi wa Uganda. Dufile yenyewe ilikaliwa tena na Wabelgiji wa Mfalme Leopold II kuanzia 1902 hadi 1907, wakati upande huu wa mto ukiwa sehemu ya eneo la Lado. Baada ya kifo cha Leopold eneo hilo likaenda Sudan mwaka 1910, na mwaka 1914 sehemu yetu ikaunganishwa na Uganda. Mwaka 2006 na 2007 wanaakiolojia walipachimba na kupapima.

Msomaji ataona kwamba katika historia hii nimewataja Gordon, Gessi, Emin, Jephson, Stanley, Lugard na Leopold. Hivyo ndivyo vitabu vinavyoieleza. Lakini kazi ya kubeba vipande vya meli haikufanywa na Gordon, wala handaki halikuchimbwa na Emin. Serikali ile ilikuwa na desturi ya kutoa nafaka, ng'ombe na wachukuzi vijijini kwa nguvu. Mchunga mbuzi niliyemkuta pale alinieleza kwa maneno machache: "Baba wa babu yangu alibeba udongo hapa. Walimtoa shambani wakati wa kupalilia." Aliyasema bila uchungu, kama mtu anayekuonyesha njia.

Hapa ndipo ujenzi wa ngome yenyewe unapoingia katika hoja yangu. Ukiitazama ngome ya mawe, jicho lako linakwenda kwa fundi: jinsi alivyochonga, alivyopanga, alivyopinda tao. Unamsifu fundi na unamsahau kibarua. Ngome ya udongo haina sifa ya kumpa fundi. Tuta ni udongo uliotoka handakini, basi. Kina cha handaki ndicho kimo cha tuta. Hakuna kitu pale isipokuwa kazi ya mikono, karai kwa karai, au pengine kikapu kwa kikapu. Kwa hiyo swali la kuhifadhi gofu la Dufile si swali la kuhifadhi uzuri. Ni swali la kuhifadhi jasho, na tena jasho ambalo sehemu yake ilitolewa kwa shuruti.

Sasa nizitazame hoja zinazotolewa mara kwa mara juu ya magofu ya namna hii. Ya kwanza inasema: yaachwe yafe. Jengo la dhalimu likianguka, hiyo ni haki iliyochelewa. Kulifukia ni kumaliza msiba. Hoja hii ina nguvu, na rafiki yangu aliitetea. Lakini ina kasoro moja. Kusahau hakuwi sawa kwa pande zote. Tuta la Dufile likilainika na kuwa shamba, Emin hatasahauliwa, kwa sababu Emin ana vitabu, ana barua zake, ana maisha yake yaliyoandikwa kwa lugha nyingi. Atakayesahauliwa ni baba wa babu wa yule mchunga mbuzi, ambaye handaki lile ndilo andiko lake la pekee. Kuliacha gofu life ni kumwadhibu aliyekwisha kuadhibiwa.

Hoja ya pili inasema: yahifadhiwe kwa sababu ya utalii. Watu wa Uskoti wanatajwa kama mfano. Kando ya ziwa la Loch Ness kuna gofu la ngome ya Urquhart. Mwaka 1692 askari waliokuwa wakiilinda walilipua lango lake walipoondoka, ili maadui wasiitumie, na mawe ya lango lile bado yamelala pale yalipoangukia. Leo dola inaitunza, na wageni humiminika kuitazama. Sisi watu wa Koboko tuna utani wetu kuhusu Uskoti, kwa sababu Idi Amin, ambaye jina lake limegandana na mji wetu, alipenda kujiita Mfalme wa Uskoti. Lakini tuuache utani. Ngome za Uskoti nazo zilijengwa ili bwana mmoja awaogopeshe wakulima waliomzunguka. Kwa nini wazao wa wakulima wale leo hupiga picha hapo wakitabasamu?

Mtu anaweza kujibu kwamba muda umepita, na muda huponya. Sikubali kwamba ni muda peke yake. Wazao wa wakulima wale ni raia wa nchi inayolimiliki gofu. Kibao cha maelezo kimeandikwa kwa lugha wanayoisoma, na wao wenyewe ndio walinzi wa lango, waongozaji wa wageni na wanahistoria. Gofu limehama mikono. Dufile halijahama bado. Likitengenezwa kesho kwa ajili ya watalii, na kibao kikaandikwa kwamba hii ni ngome ya Emin Pasha, nukta, litakuwa limehifadhiwa kwa ajili ya Emin. Fedha ya utalii ni kitu kizuri, lakini haiwezi kuwa sababu ya wajibu; soko likipungua, wajibu nao ungepungua.

Hoja ya tatu, iliyo karibu na moyo wangu, inasema: gofu ni shahidi, na shahidi halindwi kwa sababu ni mzuri bali kwa sababu aliona. Naikubali. Lakini shahidi anamshuhudia nani dhidi ya nani? Hapo ndipo nilipokwama, kwa sababu ilionekana lazima niseme kwamba handaki linashuhudia dhidi ya bibi yangu.

Nilirudi Koboko nikamweleza bibi kila kitu, pamoja na sentensi niliyoisema hosteli. Bibi alikuwa akichambua mchele kwenye ungo. Hakuinua macho. Akasema, "Wazee wetu walikwenda kule na bunduki ya mtu mwingine, mjukuu wangu. Na wao walichukuliwa kwao." Ni kweli. Askari wengi wa Misri katika Ekwatoria walikuwa vijana wa Sudan ya Kusini na nchi jirani, waliotekwa au kutolewa makwao kwa nguvu na kutiwa jeshini. Aliyemtoa mkulima shambani alikuwa mwenyewe ametolewa shambani. Kisha bibi akaongeza jambo ambalo hakuwa amewahi kunieleza: "Mwaka 1980 nilikimbilia Zaire na mama yako mgongoni. Sikuwahi kumwona Amin kwa macho yangu. Waliotufukuza hawakuuliza tumefanya nini. Walituuliza lugha tu."

Kila mtu wa Nile Magharibi anaijua habari ile. Baada ya Amin kuanguka mwaka 1979, wilaya nzima ilibebeshwa makosa ya askari mmoja na jeshi lake. Watu walikimbilia Zaire na Sudan kwa maelfu, Wakakwa, Wanubi, Walugbara, Wamadi, wengi wao wakiwa hawakuwahi kushika hata bunduki ya kuazima. Tunajua kwa miili yetu maana ya kulaumiwa kwa kosa la mtu mwingine. Kwa hiyo nikisema kwamba Wanubi wa leo wana hatia ya Dufile, namfanyia bibi yangu kile alichofanyiwa mwaka 1980. Lakini nikisema kwamba hakuna mtu yeyote anayewajibika, namfanyia mchunga mbuzi kile alichofanyiwa baba wa babu yake: nachukua kazi ya mikono ya watu na kuondoka bila salamu.

Njia ya kutoka katika mkwamo huu niliipata katika jambo ambalo bibi yangu na kila Mwislamu wa Koboko analijua, nalo ni taratibu za mirathi. Mtu akifa, kabla ya warithi kugawana, gharama za maziko hutolewa, kisha madeni ya marehemu hulipwa kutoka katika mali aliyoiacha. Mrithi halaumiwi kwa sababu baba yake alikopa. Dhambi ya deni, kama ipo, ni ya marehemu. Wala mrithi halazimiki kulipa zaidi ya kile marehemu alichokiacha. Lakini hawezi kuichukua ng'ombe na kulikataa deni lililomnunulia. Hatia hairithiwi. Deni hufuata mali.

Tukiutumia mfano huu, swali linabadilika. Hatuulizi tena, "Nani ana damu ya waliokosea?" Tunauliza, "Nani ameshika mali iliyoachwa?" Na hapo jibu linatuhusu wengi kuliko Wanubi peke yao. Dola ya Uganda imerithi ardhi, mpaka na gofu lenyewe. Wanubi wamerithi jina na nafasi yao katika historia ya nchi. Vyuo vyetu vimerithi utafiti, na sisi wanafunzi tumerithi insha za kuandikia, kama hii. Hata Kiswahili tunachokisoma kina mkono wake humo: katika Uganda lugha hii ilikaa miaka mingi kambini, na hadi leo wapo wazee wakiisikia hukumbuka askari mlangoni usiku. Sisi tulioichagua tuisome hatukuwatisha wazee wale. Lakini tunaifaidi lugha, na kwa hiyo tuna deni la kuitumia kwa namna ambayo mzee akiisikia ataacha kutazama mlango.

Mtu anaweza kupinga hivi: deni hulipwa kwa mdai, na wadai wa Dufile wamekufa, majina yao hayamo vitabuni. Utamlipa nani? Mfano ule ule unajibu. Mwenye kudai asipojulikana, deni halifutiki. Wanazuoni husema litolewe sadaka kwa niaba yake, lifae watu. Anaweza pia kupinga kwamba watu wa Dufile wana shida ya malisho na zahanati, na kwamba kuwajengea uzio kuzunguka tuta ni kuwanyang'anya ardhi mara ya pili. Hapa nakubaliana naye kabisa. Ndiyo maana nasema kuhifadhi hakupaswi kuanza na uzio. Kunapaswa kuanza na maneno: wazee waulizwe, wayasemayo yaandikwe, na watu wa Dufile wawe wa kwanza kuamua mbuzi wapite wapi na mgeni apite wapi. Kibao kikiwekwa, kimtaje Emin mahali pake, lakini kianze na watu waliotoa udongo, na kiandikwe kwanza kwa Kimadi. Kama kuna fedha ya kiingilio, ianzie hapo hapo.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba wajibu upo, na kipimo chake ni kile ambacho kila mmoja wetu anakipata kutoka katika gofu, si damu aliyozaliwa nayo. Anayepata sifa, ardhi, elimu au fedha kutoka Dufile, alipe kabla hajagawana. Asiyepata kitu hadaiwi kitu. Wazao wa waliochimba hawana wajibu wa kuhifadhi handaki kwa ajili yetu. Wana haki ya kutudai tulihifadhi vizuri, au hata kutuambia tuliache.

Muhula ulipofunguliwa nilimwambia rafiki yangu, "Ndugu yangu, siku ile nilikudanganya. Bibi yangu ni Mnubi." Alikuwa akikunja nguo. Akasema, "Nilijua. Huwa unazungumza naye Kinubi kwenye simu." Alikuwa amejua tangu mwanzo, na siku ile alinisikia nikimkana, akanyamaza ili asiniaibishe. Nikamweleza habari za mzee wa mbuzi na baba wa babu yake aliyetolewa shambani wakati wa kupalilia. Akaniuliza, "Alikuwa anaitwa nani?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimepima handaki kwa hatua zangu, nimeandika daftarini majina ya magavana wote na miaka yao, lakini jina hilo moja sikuliuliza. Tumekubaliana kwamba likizo ijayo tutakwenda pamoja, yeye awe mkalimani wangu kwa Kimadi, na hilo ndilo liwe swali letu la kwanza.